Lori la Mbayuwayu

Lori lilisikika kabla ya kuonekana. Jenereta yake ilikuwa ikinguruma tangu kule Kamukunji, na watu wa Shauri Moyo, ambao Jumamosi asubuhi hupanga foleni ya mfereji na kutukanana bila chuki, waliacha ndoo zao wakakimbilia barabarani na povu mikononi.

Nasike hakukimbia. Alikuwa amesimama pale kona tangu mapema, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani miguuni, mdogo wake Nabwire ubavuni. Siku hiyo alikuwa na jambo moja tu la kusikiliza. Alitaka kusikia jina la mume wake likitajwa mwisho wa wimbo, na alitaka kujua linatajwa pamoja na walio hai au pamoja na wafu.

Mambo yalikuwa hivi. Kabla bendi ya Vumbi Jekundu haijawa bendi ya kupanda malori, ilikuwa watu wawili tu uani: Shitanda na gitaa la mbao, na Mulama, mume wa Nasike, na chupa. Chupa ya soda ya machungwa, ile yenye mikunjo mikunjo mwilini, aliyoikwangua kwa msumari mrefu. Kwao magharibi gitaa halitembei bila chupa. Mgeni akicheka, wimbo ukianza alinyamaza mwenyewe.

Na mwisho wa wimbo kulikuwa na majina. Kwanza waliitwa walio hai. Salamu zimfikie fulani, salamu zimfikie mama fulani, gitaa likilia na aliyetajwa akipiga vigelegele. Halafu gitaa lilinyamaza. Ilibaki chupa peke yake, kwaru, kwaru, kwaru, na ndani ya ule mkwaruzo mwimbaji alimwita marehemu mmoja. Hapo mtu wa nyumba ya marehemu ilimpasa kujibu, "Tumesikia." Asipojibu, chupa hainyamazi. Walikuwa wameukuta utaratibu huo kwa wazee wao, wakauleta mjini pamoja na masanduku yao ya mabati.

Mulama alikuwa mpika sabuni. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni ya Mbayuwayu, hao hao wenye lori la leo, kule Industrial Area, ambapo soda kali ya kupikia sabuni ilikuwa ikiwala watu vidole hadi kucha zinang'oka kama maganda ya njugu. Waliomba glavu. Wakaambiwa wajipake mafuta. Waliomba tena, Mulama akapanda juu ya pipa akasema mikono ile ndiyo iliyojenga nyumba ya mwenye kiwanda kule kwenye miti na mbwa wakali, na kwamba hata mbwa wa kule anavishwa shuka baridi ikija. Watu walicheka siku nzima. Wakubwa hawakucheka. Wakubwa wana kumbukumbu ndefu, na mfanyakazi asipokuwa na yake ndefu kuwazidi, amekwisha.

Ikaja Agosti ya mwaka wa themanini na mbili, wanajeshi wakajaribu kupindua serikali wakashindwa, jiji likafungwa, vizuizi kila njia, na kila aliyekuwa na ulimi akawa na kesi. Mtu fulani kule kiwandani akaona hiyo ndiyo nafasi. Wanaume waliovaa makoti walikuja uani jioni, muziki ukiendelea, wakamchukua mpiga chupa na mpiga gitaa, wote wawili, hata bila kuuliza nani ni nani. Baada ya miezi kadhaa Shitanda alirudi, amepungua meno na maneno. Alisimama mlangoni kwa Nasike akasema, "Tulitenganishwa mlangoni, shemeji. Sikumwona tena."

Basi Nasike akaanza kutafuta. Alienda ofisini akaambiwa aende hospitali. Hospitali wakamwambia aende kwa wafu. Kwa wafu wakamwambia aende ofisini. Serikali nzima, kutoka askari wa lango hadi bwana mwenye meza ya kioo, ilikuwa na kazi moja: kumhakikishia Nasike kwamba hakuwahi kuwa na mume.

Kaka yake Mulama, Naftaly, alikuja kutoka nyumbani. Hakuja kwa ubaya. Alisema mtu akipotea bila mwili kupatikana, ukoo hukata mgomba, huulaza kaburini kama mtu, hulia, hufunika. Roho inapata pa kulala na mjane anapata kupumua.

"Mjane nani?" Nasike alimuuliza.

"Shemeji, ni miaka sasa."

"Mume wangu amepotea. Hajafa. Na hata akifa, hawezi kuwa mgomba."

Naftaly alirudi nyumbani mikono mitupu, na Nasike akaendelea kupika ugali wa watu wawili kila jioni. Sehemu moja aliifunika kwa sahani. Asubuhi aliila na chai.

Halafu, mwaka huu wa themanini na tano, Nabwire alikuja kutoka Kakamega na habari. Vumbi Jekundu walikuwa wamepiga muziki huko sokoni. Ule wimbo wao wa "Barabara", ambao redio iliupiga hadi watoto wakauimba wakioga, huko ulikuwa na mwisho ambao redioni haupo, maana sahani ya santuri huisha kabla ya majina. Na katika majina yale Nabwire alisikia Mulama.

"Mwanzo au mwisho?" Nasike aliuliza. Mwiko ulikuwa mkononi.

"Dada, watu walikuwa wanapiga kelele."

"Gitaa lilikuwa linalia au lilikuwa limenyamaza?"

"Nilikuwa mbali, dada. Sijui. Walahi sijui."

Ndiyo sababu ya viatu vya kanisani.

Lori likajitokeza. Lilipakwa rangi nyeupe kote, mbayuwayu wa buluu ubavuni, na kitambaa kirefu kilichoandikwa SAFARI YA JIJI NA MBAYUWAYU. Juu yake walikuwa vijana wenye magitaa mawili ya umeme, ngoma za kizungu na ngoma za nyumbani, na mzee mmoja mwenye litungu, kinubi cha kwao magharibi, lililopachikwa kipaza sauti tumboni. Mbele kabisa, na miwani myeusi, alikuwa Shitanda. Alikuwa amenenepa kidogo. Meno yalikuwa yamerudi, ya dhahabu.

Gichuru, mtangazaji wa sabuni, aliruka mbele na kofia yake nyeupe. "Mabeshte wa Shauri Moyo, vipi! Akina mama, mkifua na Mbayuwayu, mzee hatoki nje tena!"

"Wangu alitoka na sabuni yenyewe!" alijibu mwanamke mmoja kutoka foleni ya mfereji, na barabara nzima ikaangua kicheko.

Nasike naye alicheka. Hakujua amecheka hadi alipofunga mdomo.

Muziki ulipoanza, kifua chake kilimsaliti. Alikuwa amejiandaa kuwachukia wote. Lakini litungu liliingia kama mtu anayebisha hodi nyumba anayoijua, magitaa yakalifuata kwa kishindo, na ilikuwa uani kwao, ile ile, isipokuwa sasa ilikuwa kubwa kama gari moshi. Shitanda aliimba: *Barabara, umenibeba, mbona hujanifikisha?* Watu waliimba naye. Wauza samaki walicheza, mafundi wa mabati waliweka nyundo chini. Chupa haikuwepo. Mahali pa chupa kijana mmoja alitikisa kitu cha chuma chenye njuga.

Yakafika majina. "Salamu zimfikie Chege wa kioski!" Chege akarusha kofia. "Salamu zimfikie mama wa kinyozi!" Vigelegele. Gitaa likaanza kushuka, likishuka polepole, likielekea kunyamaza. Nasike alishika mkono wa Nabwire. Kisha ngoma zikalipuka, dum, na Gichuru tayari alikuwa kwenye kipaza sauti: "Mbayuwayu! Safi kuliko safi!" Vipande vya sabuni vikarushwa juu ya vichwa vya watu, watu wakagombania.

Nasike alipenya hadi kwenye gurudumu. "Baba, mbona mmekata wimbo?"

"Mama, tuna mitaa ya kumaliza leo," Gichuru alisema, jasho likimtiririka. "Fuata tu. Pumwani utamaliziwa."

Akafuata. Lori lilienda taratibu ili watu walione, na nyuma yake walitembea vijana wenye ari, walevi wa asubuhi, na mwanamke mmoja mwenye viatu vya kanisani vilivyoanza kumkata kisigino. Nabwire alimwambia wapumzike. Nasike aliongeza mwendo.

Pumwani alijitahidi akafika mbele kabisa. Wimbo ulianza, ukapanda, ukafika kwenye salamu. Safari hii Nasike hakumtazama Shitanda mdomoni. Alimtafuta Gichuru. Gichuru alikuwa ameketi ngazini kwa dereva, anakunywa soda, kipaza sauti kiko mapajani, hana habari na lolote. Gitaa likashuka. Nasike akageuka juu, akamkuta Shitanda anamtazama yeye, ile miwani imeteleza hadi puani. Mguu wa Shitanda ukapiga mbao mara moja. Ngoma zikalipuka.

Gichuru alishtuka, akamwaga soda, akakimbilia kazi yake.

"Umeona?" Nasike alisema.

"Nimeona, dada."

"Anayekata si mwenye sabuni."

"Labda anaona haya tu. Hamjaonana siku nyingi."

"Mtu haoni haya kutoa salamu, Nabwire."

Kila mmoja alijua mwenzake amefika wapi kwa mawazo, na hakuna aliyetaka kufika wa kwanza.

Hata hivyo Nasike hakurudi nyumbani. Wako ambao wangerudi, na nani angewalaumu? Kutojua nako kuna blanketi lake. Lakini alikuwa amechoka kuambiwa nenda kule, rudi huku, na watu wanaojua. Alikatiza vichochoro vya Majengo hadi kwa Shamis, ambaye walikuwa wakiuza pamoja mahamri na chai kwenye lango la kiwanda zamani, wakati Mulama akiwa hai au akiwa hajapotea, chagua mwenyewe.

"Nipe buibui lako, Shamis."

"Umesilimu, mwenzangu?" Shamis alicheka, unga hadi viwikoni. "Na kanisa lenu litabaki na nani?"

"Nataka kumwona mtu asinione."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Haya! Na uzee huu!" Halafu Shamis alimtazama vizuri usoni, akaacha kucheka. Alinawa mikono. Alilitoa buibui nyuma ya mlango, akamvisha mwenyewe, akamfunika uso hadi macho. "Tembea polepole," alimwambia. "Usitembee kama mtu aliyebeba kuni."

Kituo cha mwisho kilikuwa Muthurwa, mbele ya nyumba za reli, na umati ulikuwa mkubwa kuliko yote kwa sababu watu wa sokoni walikuwa wakipita kwenda zao wakanaswa. Nabwire alikaa upande wa pili ili asimtambulishe. Nasike alisimama katikati ya wanaume waliobeba magunia, mweusi tii kutoka juu hadi chini, joto likimchemsha.

Shitanda aliupekua umati kwa macho, akimtafuta Nasike. Alitazama mbele, pembeni, mbele tena. Nasike alimwona anapumua. Mtu aliyetua mzigo hupumua vile.

Akaimba. Na hapo Muthurwa aliimba kuliko kokote, ama ndivyo masikio ya Nasike yalivyomwambia. *Barabara, umenibeba.* Salamu zikaenda kwa watu wa reli, kwa wapagazi, kwa akina mama wa vitunguu. Gitaa likashuka. Likashuka. Likanyamaza. Ngoma nazo zikanyamaza, hata jenereta ilionekana kushusha sauti.

Shitanda aliinama kwenye mfuko wake akatoa chupa.

Nasike aliijua kabla haijainuliwa. Ilikuwa imemeguka mdomoni, mahali Mulama alipokuwa akiweka kidole gumba ili isimkate, na bado ikamkata, akawa na kovu. Alikuwa ameamini ilipasuka jioni ile kwenye purukushani.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

"Mulama wa Shauri Moyo," Shitanda aliita. Haikuwa sauti ya kuimba. "Mulama mpiga chupa. Mulama mume wa Nasike."

Kwaru. Kwaru.

Kisha jambo la kuchukiza likatokea. Watu walicheza. Hawakuwa wabaya, hawakujua. Walisikia mdundo wakaupenda. Kijana mmoja aliupigia makofi, wasichana wawili wakauchezea mabega, na mtu akapiga mluzi. Walimchezea mume wa mtu kaburini, na kipande cha sabuni iliyomla vidole kiko mikononi mwao, bure, zawadi ya kampuni.

Chupa iliendelea. Shitanda alikuwa amefumba macho, anakwangua, anangoja asichokitegemea. Na Nasike alijua kwamba bado ana njia. Angeweza kugeuka aondoke. Asipojibu, hakuna aliyekufa. Jioni angepika ugali wa wawili, angefunika sehemu yake, na mlango usiku ungebaki bila komeo kama ulivyokaa miaka yote hii, hata wezi wa Shauri Moyo wakijua na kuuheshimu.

Kwaru. Kwaru. Mkono wa Shitanda ulikuwa umeanza kuchoka. Mulama asingechoka. Mulama angekwangua hadi kesho kwa ajili ya marehemu wa mwenziwe.

Nasike aliondoa buibui usoni.

"Tumesikia," alisema.

Ilitoka ndogo. Mbeba gunia aliye karibu naye aligeuka. Nasike akavuta pumzi akalisema tena, kwa sauti ile ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto, "Tumesikia!"

Msumari ulianguka juu ya mbao. Chupa ilinyamaza. Shitanda alifumbua macho, akamwona, na mdomo wake wa dhahabu ukabaki wazi. Yule mzee wa litungu ndiye peke yake lorini aliyeelewa. Alivua kofia.

"Mbayuwayu!" Gichuru alipaza sauti, maana kimya ni hasara. "Safi kuliko safi!"

Walionana nyuma ya lori, kwenye harufu ya dizeli. Shitanda alikuwa amevua miwani, na bila miwani alikuwa mwanamume yule yule wa uani, ila amezeeka macho.

"Ulisema mlitenganishwa mlangoni," Nasike alisema.

"Shemeji, waliniambia nikifungua mdomo nitamfuata. Na watoto wangu nyuma yangu."

"Lini?"

"Siku ya pili. Alfajiri. Kichwa kilikuwa hapa." Alijigusa paja, kisha akaondoa mkono haraka. "Hakusema mengi. Aliuliza kama umefunga mlango wa nyuma, kwa sababu ya ile baridi."

Nasike aliegemea gurudumu la lori. "Walimpeleka wapi?"

"Walimfunga blanketi wakamtoa. Haki ya Mungu, sijui. Ningejua ningekuwa nimekwenda hata kwa magoti."

"Lakini Kakamega ulijua kuwaambia. Wauza kuku wa Kakamega wanajua mume wangu amekufa, mimi nampakulia chakula."

"Wewe nilishindwa. Niliposimama mlangoni kwako siku ile niliona sahani imefunikwa. Nikashindwa. Nikaona hii chupa nje, imefukiwa na vumbi kando ya ukuta wa uani, nikaificha kotini, nikaenda." Shitanda alijifuta pua kwa mkono wa shati la kung'aa. "Nimemwita kila mji, shemeji. Hakuna aliyejibu hata mara moja. Naiweka chini bado inakwaruza. Nalala nayo inakwaruza."

"Na hili lori?"

Shitanda akarudisha miwani machoni.

"Sabuni yao, Shitanda. Ya hao hao."

"Nina watoto," alisema, chini kabisa.

Nasike angeweza kumtemea mate. Alikuwa na mate na alikuwa na haki. Lakini alimtazama mtu huyu aliyekuwa kitanda cha mwisho cha mume wake, ambaye paja lake ndilo lililokuwa mto, na hasira ikampita ikaenda kutafuta wenyewe, kule kwenye miti na mbwa wakali, ambako bado haijafika.

"Nipe chupa," alisema.

"Shemeji, ndiyo kitu pekee nili..."

"Nipe. Imekwisha kunyamaza."

Akampa.

Alimrudishia Shamis buibui lake. Shamis alimshika shingoni, akamwachia alama ya unga. Nabwire alilia njia nzima hadi Shauri Moyo. Nasike hakulia. Alitembea kwa uangalifu, viatu vya kanisani mkono mmoja na chupa mkono mwingine, kidole gumba kikiwa juu ya pale palipomeguka.

Chege alikuwa bado na furaha yake ya kutajwa. Alichungulia kwenye kidirisha cha kioski. "Mama, hata wewe umemsikia Shitanda akinisalimia? Mbele ya mtaa mzima! Leta hiyo chupa tupu, nikubadilishie na soda baridi. Leo Chege anasalimia watu."

"Hii hairudishwi dukani, Chege," Nasike alisema, kwa upole.

Mlangoni alisimama. Nabwire alifuta macho kwa kanga, akauliza kile ambacho kilikuwa kimemkaa kooni tangu Muthurwa. "Dada, tumwambie shemeji Naftaly sasa? Aje na mgomba?"

Nasike aliingia ndani, akaiweka chupa mezani, kando ya ile sahani ya jana ambayo bado ilikuwa imefunikwa.

"Mwambie aje na jembe tu," alisema. "Cha kuzika tunacho."